Mawimbi huona maji: kuhusu kupima saratani ya matiti kwa maikrowevu

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mwenye umri wa miaka 41. Miezi mitatu iliyopita, akioga, alipapasa uvimbe mdogo usiouma kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani. Mama yake mzazi alifariki kwa saratani ya matiti. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, walifika watu wenye kifaa cha kushika mkononi, wakaeleza kwamba kinapima kwa mawimbi ya maikrowevu, hakina mionzi wala hakibani titi. Alilipa, akapimwa kwa dakika chache, akapewa karatasi iliyoandikwa kwamba hana tatizo. Anauliza: je, teknolojia hiyo ni ya kweli? Je, haiwezi kumchoma kama jiko la maikrowevu linavyopasha chakula? Na je, karatasi ile inatosha, asisumbuke tena na mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi?

Mwalimu, nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa hilo halisubiri. Karatasi hiyo haitoshi, na ingekuwa vilevile hata kama ingetolewa na mashine bora kuliko zote za aina hiyo zilizopo leo. Uvimbe unaopapasika kwa kidole na ambao umekaa miezi mitatu bila kutoweka unahitaji kuchunguzwa na daktari kwa mikono yake, kisha kwa picha, na mara nyingi kwa sindano, na ningependa hatua ya kwanza uifanye wiki hii hii. Sisemi hivyo kukutia hofu, kwa sababu uvimbe mwingi wa matiti hugundulika kuwa si saratani. Nasema hivyo kwa kuwa hakuna njia ya kuutofautisha ule usio na madhara na ule wenye madhara kwa kusubiri tu, wala kwa karatasi ambayo hujui aliyeitia sahihi alisomea nini. Ukishapanga siku ya kwenda, rudi usome yaliyobaki, maana maswali yako mengine mawili ni mazuri na yanastahili kujibiwa kwa kirefu.

Teknolojia yenyewe ni ya kweli. Mimi ni mtu wa fizikia ya tiba, na kwa miaka kadhaa nimekuwa karibu na watu wanaoifanyia kazi. Msingi wake unaweza kuushuhudia jikoni kwako ukiwa na jiko la maikrowevu: weka kikombe cha maji na kikombe cha mafuta ya kupikia, vyote vya kiasi kilekile, uwashe kwa dakika moja. Maji yatapata moto vizuri wakati mafuta yatakuwa na uvuguvugu tu. Sababu ni kwamba kila chembe ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, na wimbi linapopita chembe hizo hugeuka huku na huku kulifuata, zikilipunguza kasi na kulinyonya nguvu. Mafuta hayana mtikisiko huo, kwa hiyo wimbi hupita ndani yake kwa wepesi. Wahandisi wana kipimo cha kueleza jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme: maji ya kawaida yana karibu 80, mafuta ya titi huwa chini ya 10, na uvimbe wa saratani, ambao umejaa maji na damu, hukaribia 50. Titi la mtu mzima lina mafuta mengi. Kwa hiyo mtu akirusha wimbi dhaifu ndani ya titi na kusikiliza mwangwi wake, uvimbe ungepaswa kujitokeza kama jiwe linavyojitokeza kwenye mchele.

Kuhusu kuungua, ondoa wasiwasi. Jiko la maikrowevu hutumia wati 700 hadi 1,000 ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ili nguvu yote iishie kwenye chakula. Mashine za kupima matiti hurusha miliwati chache tu, yaani chini kabisa ya kile ambacho simu yako ya mkononi inaweza kurusha ikiwa imebanwa sikioni. Tena mawimbi haya, ambayo kwa kazi hii huwa na masafa ya kati ya gigahezi 1 na 10 hivi (mitikisiko bilioni moja hadi kumi kwa sekunde), hayana nguvu ya kuvunja kemikali za chembechembe za mwili kama mionzi ya eksirei inavyoweza. Kwa hilo watu wale walikwambia kweli. Ila usiichukulie kauli ya "hakina mionzi" kuwa sababu ya kuikimbia mamografia, kwa maana kipimo cha mionzi cha mamografia ni kidogo sana, na kwa mwanamke wa umri wako mwenye uvimbe unaopapasika hatari yake haiwezi hata kulinganishwa na hatari ya kuacha saratani bila kuitambua.

Sasa nije kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaouza matumaini hunyamaza. Mawimbi haya hayaoni saratani. Yanaona maji. Na ndani ya titi, saratani haina haki ya peke yake juu ya maji.

Nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Ili kujaribu mashine bila kumsumbua mtu, maabara hutengeneza titi bandia. Unayeyusha jelatini katika maji ya moto, unamimina mafuta, unaongeza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili mafuta na maji yasitengane, unakoroga polepole bila kuleta povu, kisha unamimina kwenye bakuli na kuacha mchanganyiko ugande. Ukizidisha mafuta unapata kitu kinachofanana na mafuta ya titi mbele ya mawimbi. Ukipunguza mafuta unapata kitu kinachofanana na uvimbe. Tulizamisha kitufe cha mchanganyiko wenye maji mengi, kikubwa kama punje ya karanga, ndani ya bakuli la mchanganyiko wa mafuta. Picha ya kwanza kabisa ilikionyesha, doa jekundu mahali pake, na wanafunzi wakapiga makofi. Wiki iliyofuata tulitengeneza bakuli jingine ambalo badala ya mafuta matupu lilikuwa na vipande vya mchanganyiko unaofanana na tezi za maziwa. Kitufe kilikuwa kilekile, mahali palepale, antena zilezile. Doa lilipotea, na mahali pake yakatokea madoa matatu ya uongo penye kingo za zile tezi.

Kilichotokea kwenye bakuli letu ndicho kilichotokea kwa taaluma nzima. Vipimo vya kwanza vya tishu, vilivyofanywa katika miaka ya 1980 na 1990 kwa sampuli chache, vilionyesha tofauti kubwa mno kati ya saratani na tishu zisizo na ugonjwa. Mwaka 1998 Susan Hagness na wenzake nchini Marekani walichapisha wazo la kutumia mbinu ya rada: antena nyingi kuzunguka titi, kila moja ikirusha mpigo mfupi, kisha kompyuta ikarudisha nyuma na kujumlisha myangwi yote ili kuona inakutana wapi. Mwaka 2000 kundi la Paul Meaney wa Dartmouth College, pia Marekani, likatoa picha za kwanza za wanawake halisi kwa njia nyingine, ambapo titi huning'inia ndani ya tangi la kimiminika, antena 16 zikilizunguka, na kompyuta ikikisia aina ya tishu zilizomo hadi hesabu ilingane na vipimo. Matumaini yalikuwa makubwa. Kisha mwaka 2007 watafiti wa vyuo vikuu vya Wisconsin na Calgary walitoa matokeo ya sampuli nyingi zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka vyumba vya upasuaji, na hesabu ikageuka. Dhidi ya mafuta, saratani ilitofautiana hadi mara 10. Lakini dhidi ya tezi za maziwa na nyuzi zinazozishikilia, tofauti ilikuwa takriban asilimia 10 tu.

Fikiri maana yake, Mwalimu. Saratani nyingi za matiti huanzia kwenye mifereji na tezi za maziwa, wala hazianzi kwenye mafuta. Maana yake ni kwamba uvimbe hukaa hasa penye jirani anayefanana nao. Na wanawake wenye matiti yaliyojaa tezi, ambayo madaktari huyaita matiti mazito, ndio ambao mamografia inawasumbua, kwa sababu kwenye eksirei tezi ni nyeupe na uvimbe ni mweupe. Marekani imefikia hatua ya kuvitaka vituo vya mamografia, tangu Septemba 2024, kumjulisha kila mwanamke kama matiti yake ni mazito au la. Ahadi kubwa ya maikrowevu ilikuwa kuwasaidia hao hao. Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada, kwa maana wagonjwa wengi wa saratani ya matiti Afrika Mashariki hugunduliwa kabla hawajafika miaka 50, umri ambao tezi bado ni nyingi.

Kuna ugumu mwingine wa kiufundi, nao nitaupitia kwa haraka. Ngozi, yenye unene wa milimita mbili hivi, ina maji mengi, kwa hiyo mwangwi wake ni mkubwa mara nyingi kuliko mwangwi wa uvimbe ulio sentimita tatu ndani. Lazima uondolewe kwa hesabu, na ukiondolewa vibaya huacha kivuli kinachofanana na ugonjwa. Halafu, ukitaka picha iwe kali unahitaji mawimbi mafupi, lakini mawimbi mafupi humezwa haraka: kwa gigahezi 5, ndani ya nyama yenye maji mengi kama msuli, nguvu inayobaki baada ya sentimita moja tu ni chini ya moja ya tano. Na hata yakifika, urefu wa wimbi ndani ya mafuta ya titi kwa masafa hayo ni karibu sentimita mbili. Mamografia huona vichembe vya chokaa vidogo kuliko milimita moja, ambavyo mara nyingi ndiyo dalili ya mapema kabisa ya saratani ambayo bado haijatoka nje ya mifereji. Maikrowevu haioni vichembe hivyo.

Pamoja na hayo, sitaki uondoke ukidhani kazi hii ni bure. Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza kilitengeneza mashine yenye antena 60 zilizopangwa kwenye bakuli la duara ambamo mwanamke, akiwa amelala kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu, huingiza titi lake. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 86 waliokuwa wamekuja kliniki wakiwa tayari na dalili walipimwa kwa masafa ya gigahezi 3 hadi 8, na mashine ilionyesha mahali pa tatizo kwa zaidi ya asilimia 74, hata kwenye matiti mazito. Hiyo ni habari njema, na inaonyesha kwamba mwili halisi haukuwa mgumu kama vipimo vya 2007 vilivyotufanya tuogope. Lakini isome namba hiyo kama mwalimu anavyosoma karatasi ya mtihani. Mtihani ulifanywa na watu ambao tayari walijulikana kuwa na jambo, na hata hivyo karibu mmoja kati ya wanne alikosewa. Haituambii ni wanawake wangapi wazima wangeitwa wagonjwa kama mashine ingepelekwa sokoni na kupima kila apitaye.

Nchini Italia, mjini Perugia, kampuni inayotengeneza mashine iitwayo MammoWave imeondoa kabisa tangi la kimiminika. Antena mbili huzunguka titi hewani kwa masafa ya gigahezi 1 hadi 9, nayo imepata alama ya CE ya Ulaya. Alama hiyo watu huielewa vibaya. Inaruhusu kifaa kiuzwe kwa matumizi ambayo mtengenezaji ameyatangaza na kuyatetea. Haimaanishi kwamba kimeshinda mamografia wala kwamba kinaweza kuchukua nafasi yake. Swali la kama kinafaa kwa upimaji wa wanawake wasio na dalili ndilo linalojaribiwa sasa Ulaya, katika utafiti uliopangiwa wanawake wapatao 10,000. Majibu ya aina hiyo ndiyo mimi nayasubiri kabla ya kumshauri wizara yoyote inunue.

Maoni yangu binafsi, kama unataka kuyajua, ni kwamba maikrowevu itapata nafasi yake mapema zaidi mahali ambapo watu wengi hawaangalii. Mgonjwa anayepewa dawa za saratani kabla ya upasuaji huhitaji kujulikana mapema kama dawa zinafanya kazi au anateswa bure. Hapo hulazimiki kuitofautisha saratani na tezi. Unalilinganisha titi na lenyewe, wiki hii na wiki ile, uone kama maji ya uvimbe yanapungua. Mwaka 2013 kundi la Dartmouth lilichapisha majaribio ya namna hiyo kwa wanawake 8, idadi ndogo mno kwa kuamulia jambo, lakini mantiki yake inanishawishi. Kipimo kisicho na mionzi kinaweza kurudiwa kila wiki bila kumdhuru mtu, na kwa mgonjwa anayetoka mbali kufuata dawa hospitali ya Ocean Road au Bugando, kujua mapema kwamba dawa imegoma ni kuokoa miezi.

Turudi kwenye kifaa ulichokutana nacho. Kifaa cha mkononi si ndoto. Watafiti wa Hiroshima nchini Japani waliwahi kuunda kimoja chenye rada na kukijaribu kwa wagonjwa wachache hospitalini. Lakini tangu hapo hadi kufika kwenye mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa kuna safari ndefu ya majaribio na vibali, na sijui kama chako kimeisafiri. Wanaokupima ndio wanaopaswa kukuonyesha. Hata jina la "maikrowevu" lisikuhakikishie kitu. Baadhi ya vifaa vinavyouzwa kwa ahadi kama hizo huwa ni vya kupima joto la ngozi kwa kamera, na mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani imekwisha kuonya mara kadhaa kwamba upimaji wa joto haupaswi kutumika badala ya mamografia. Kama unayo ile karatasi, angalia kama ina jina la kifaa, namba yake, na jina la mtaalamu aliyesoma picha. Kama kuna neno "salama" na muhuri tu, unajua ulichonunua.

Utakapofika hospitali ya rufaa ya mkoa, mweleze daktari mambo matatu bila kusubiri akuulize: uvimbe una muda gani, umebadilika au la, na mama yako aligunduliwa akiwa na umri gani. La tatu lina maana zaidi ya unavyodhani, kwa sababu saratani iliyompata mama mzazi katika umri mdogo hubadilisha mpango wa ufuatiliaji wako na hata wa dada na binti zako. Daktari akupime matiti yote mawili na makwapa. Kwa umri wako kinachotakiwa kwa kawaida ni mamografia pamoja na ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) ya mahali penye uvimbe. Ukiambiwa mamografia iko mbali lakini ultrasaundi ipo hapo hapo, anza na ultrasaundi. Na ukiambiwa mamografia haikuonyesha kitu ilhali uvimbe bado unapapasika, usikubali kurudishwa nyumbani kwa hoja hiyo peke yake. Uvimbe unaopapasika hauondolewi na picha safi, iwe ya eksirei, ya sauti au ya maikrowevu.

Kinachotoa jibu la mwisho ni kinyama kidogo kinachochukuliwa kwa sindano nene baada ya ganzi, kikasomwe kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia. Najua utasikia, pengine hata kutoka kwa watu wanaokupenda, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma husambaa. Nimeyasikia hayo kwa wagonjwa, kwa ndugu zao, na mara moja kwa mtumishi wa afya. Si kweli: wanawake waliochukuliwa kinyama kwa sindano hawafi zaidi kwa sababu ya sindano hiyo, na bila jibu lake hakuna daktari anayeweza kuchagua dawa inayofaa, kwa kuwa saratani za matiti ni za aina kadhaa na kila aina ina dawa zake.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mtu anapofika kituoni kwa mara ya kwanza akiwa na dalili, awe amepata jibu kamili ndani ya siku 60. Andika tarehe ya siku utakayofika kwenye daftari lako, uhesabu kutoka hapo. Zikipita wiki tatu bila kuitwa kwa picha, au wiki mbili baada ya sindano bila majibu, rudi ukaulize, uombe jina la anayeshughulikia sampuli yako, na ukiweza nenda na mtu wa kukusindikiza ambaye haoni haya kuuliza mara ya pili. Miezi mitatu uliyokwisha kuitumia haikuwa kosa lako. Ulipapasa, ukatafuta msaada, ukapewa karatasi. Ipeleke nayo hospitali, iwekwe kwenye faili, lakini daktari akupime kwanza ndipo aisome.